Sumukuvu: lori moja bovu linavyoharibu unga wa malori kumi

Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi baada ya vipimo kuonyesha sumukuvu kupita kiwango. Unga huo ulikuwa umeshafika madukani. Machi 2021, Kenya ikazuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na malori yakakwama mpakani.

Swali tunalojiuliza ni hili: ubovu ugunduliwe wapi ili hasara iwe ndogo?

Tuchukue mfano. Kinu kimepokea malori kumi ya mahindi, na moja lina sumukuvu. Kila lori likipimwa getini, litakataliwa hilo moja tu. Lakini yote yakimwagwa pamoja, yakasagwa na unga ukapelekwa madukani, mzigo mzima unaingia mashakani. Hapo kinu kimeshalipia mahindi, umeme, mifuko na usafiri, na sasa kinalipia kuurudisha unga.

Kwa nini basi vinu visisubiri majibu ya vipimo? Kwa sababu kusubiri nako kuna gharama. Lori lililosimama linadai pesa, mashine iliyozimwa haiingizi kitu, na maduka yanataka unga. Ndiyo maana kusaga kwa mkupuo mkubwa kunavutia. Ila mkupuo ukiwa mkubwa, kosa moja linakula vingi. Ukiwa mdogo mno, mashine inasimama kila mara na malori yanaondoka nusu tupu.

Kwa maoni yetu, ratiba nzuri ni ya katikati: mkupuo unaotosha kujaza lori, wenye namba yake kwenye kila mfuko, na usiotoka ghalani kabla majibu hayajarudi. Kasoro ikionekana baadaye, hurudishwa mifuko yenye namba hiyo peke yake.

Kwa mkulima, hesabu ni ile ile. Mahindi yakikataliwa kinuni, nauli inalipwa mara mbili. Ni nafuu kupima kijijini kabla ya kupakia, hasa kwa wanaouza kupitia kikundi. Sampuli itolewe kwenye magunia mengi, kwani sumukuvu haisambai sawasawa: gunia moja laweza kuwa safi na la pembeni likawa bovu.

Anika juu ya turubai, si udongoni, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Chambua punje zilizooza na zilizovunjika. Mahindi yaliyonyeshewa usiyachanganye na makavu.

Na tusidhani moto wa jikoni utatuokoa, maana kupika hakuimalizi sumu hii. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mengi yalikuwa ya akiba ya nyumbani, ambayo hayapiti kwenye geti la kinu chochote.