Nyenje wa Nyumbani Mwetu Apata Jina Lake

Wasomaji wa pwani ya ziwa, tangu Kisumu mpaka Bondo na Mbita, hawana haja ya kufundishwa nyenje ni mdudu gani. Ni yule aliaye usiku kucha katika ufa wa ukuta, na Wajaluo humwita onjiri. Tena si ajabu kwetu kumla, kama tulavyo kumbikumbi wa mvua, na sami wale watokao ziwani kama wingu la moshi. Lakini ajabu ni hii, kwamba mdudu aliyekaa nasi nyumbani miaka yote hakuwa na jina lake katika vitabu vya elimu mpaka mwaka 2018.

Wakulima wa Kenya walipoanza kufuga nyenje katika masanduku, walidhaniwa kuwa wanafuga yule nyenje wa nyumba ajulikanaye Ulaya, yaani Acheta domesticus. Kumbe wengi wao walikuwa na mwingine kabisa. Sylvain Hugel, mtaalamu Mfaransa aliyechunguza sana nyenje wa visiwa vya Bahari ya Hindi, pamoja na Chrysantus Tanga wa chuo cha uchunguzi wa wadudu, ICIPE, ndio waliompambanua wakamwita Scapsipedus icipe. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1970 na marehemu Thomas Odhiambo, aliyesoma Maseno, karibu na hapa petu. Na tawi lake liko Mbita, ukingoni mwa ziwa.

Walimtambua kwa utepe wa manjano upitao kati ya macho, na kwa wimbo wake. Yafaa nieleze jambo hili la wimbo. Nyenje haimbi kwa kinywa. Dume husugua bawa juu ya bawa, na jike humsikia kwa masikio yaliyo katika miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Kila aina ina wimbo wake, na jike huufuata wa aina yake. Kwa hiyo nyenje wawili waweza kufanana machoni petu, lakini wao kwa wao hawakosani.

Mtu aweza kuuliza, jina lamfaa nini mkulima? Sisi makarani twajua taabu ya watu wawili walioandikwa kwa jina moja katika daftari ya kodi: deni la huyu hudaiwa yule. Mwaka 2002 ugonjwa wa virusi uliwaangamiza nyenje wa kufugwa huko Ulaya, na kufikia mwaka 2010 ulikuwa umeingia Marekani, hata wafugaji wengine wakafunga kazi. Walioangamia ni Acheta domesticus. Sisemi kwamba nyenje wetu hawezi kuugua. Nasema mfugaji asiyejua anafuga yupi hawezi kujua habari ipi ya ugonjwa yamhusu, wala chakula na joto vilivyosifiwa ng'ambo kama vyafaa sandukuni mwake. Na kuagiza mbegu kutoka mbali, ilhali mwenyeji yupo ukutani, naona ni kulikaribisha janga kwa nauli yako mwenyewe.

Kazi yenyewe si nzito: sanduku, trei za mayai za kujifichia, chakula cha vifaranga, na pamba yenye maji, kwa kuwa nyenje mwenye kiu au njaa humla mwenzake. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, huko Bondo, kimeufanya ufugaji huu kuwa elimu yake, na Profesa Monica Ayieko ameandika mengi juu ya wadudu waliwao kandokando ya ziwa hili.

Atakaye kujua ana nyenje gani asitegemee jicho lake pekee, maana yule wa Ulaya naye ana mistari kichwani. Achukue watano au sita waliokomaa, madume kwa majike, katika chupa yenye matundu, akawaulize wajuzi kabla ya kuandika jina sandukuni au kumwuzia jirani mbegu.