Mtunza Bustani Si "Shamba Boi"

Neno "shamba" limezaa vyeo viwili katika Kiswahili cha kazini. Yuko bwana shamba, mtu mwenye cheti, ambaye wanakijiji humpisha kiti afikapo; na yuko "shamba boi", ambaye hata akiwa na mvi na wajukuu huendelea kuitwa mtoto. Jina hilo la pili ni kasumba ya kikoloni, lakini ubaya wake hauishii kwenye dharau. Limewafanya wengi waamini kwamba kutunza bustani ni kazi isiyo na cha kusomewa, na kwamba aliyekosa kazi nyingine zote apewe panga na mpira wa maji.

Gharama ya imani hiyo ni kubwa zaidi katika bustani za kihistoria. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa mwaka 1893. Ile ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ili kujaribu mimea ya biashara kutoka pembe zote za dunia, ikiwemo miti ya kwinini na ya kafuri. Miti ya umri huo haitunzwi kama ua la michongoma. Tawi likikatwa vibaya, jeraha huingiza maji, shina huoza ndani kwa ndani, na siku ya upepo mti huanguka bila kutoa taarifa.

Amani ina somo jingine zito kuliko hilo. Miongoni mwa miti iliyoletwa huko ni ule ambao Waganda huuita musizi. Haukukaa ndani ya mipaka ya bustani. Hondohondo walizila mbegu zake wakazitawanya, na mti huo ukauvamia msitu wa asili, wenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani. Mfyekaji asiyejua jina la anachokifyeka aweza kung'oa mche adimu na kuuacha mvamizi ustawi. Hapo ndipo tofauti ya mtaalamu na kibarua inapokuwa tofauti ya msitu kuwepo au kutoweka.

Usambara hiyohiyo ndiyo asili ya ua dogo la zambarau linalopambia madirisha ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao. Na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi, Saintpaulia. Aliyelipa jina hilo ni Hermann Wendland, mtunza bustani ya kifalme ya Herrenhausen, Hannover. Baba yake na babu yake walifanya kazi katika bustani hiyohiyo kabla yake, na yeye akawa bingwa wa elimu ya minazi na jamaa zake. Kumbe ua la Usambara lilitambulishwa kwa ulimwengu na mtu ambaye, kama angeajiriwa hapa, angeitwa "shamba boi".

Uingereza nako kuna mfano wa Joseph Paxton, mtoto wa mkulima. Alijifunza kazi katika bustani ya chama cha kilimo cha bustani huko Chiswick, na mwaka 1826, akiwa kijana wa miaka 22, akakabidhiwa ukuu wa bustani ya Chatsworth. Nyumba za vioo alizojenga kwa ajili ya mimea zilimfundisha namna ya kusanifu jumba kubwa la vioo la maonyesho ya London ya mwaka 1851. Mwaka 1854 akaingia Bungeni. Ni kweli kwamba alikuwa na bahati ya kuwa na mwajiri tajiri. Lakini ngazi ya kupandia ilikuwapo.

Ngazi hiyo ndiyo inayohitajika hapa. Vyuo si tatizo kubwa: Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro, na kilimo cha bustani hufundishwa pia Tengeru, Arusha. Ila mkazo, kwa sababu zinazoeleweka, ni mboga, matunda na maua ya kuuza. Kumtibu mti mkongwe, kusoma daftari la mimea iliyopandwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kuotesha mrithi wa mti unaokaribia kufa ni mambo yanayofundishwa bustanini, na fundi aliyekaa nayo. Huko Uingereza kuna mpango unaomweka mwanagenzi mwaka mzima katika bustani moja ya kihistoria, akilipwa, chini ya mkuu wa bustani. Amani yaweza kufanya hivyo kwa vijana wachache tu kila mwaka.

Lakini mafunzo bila muundo wa utumishi ni kumpa mtu jembe lisilo na mpini. Mtunza bustani apande kutoka mwanagenzi hadi fundi, na kutoka fundi hadi mkuu wa bustani, bila kulazimika kuiacha bustani ndipo mshahara upande. Mtindo wa kumtunuku fundi hodari kwa kumwondoa kwenye kitalu na kumpa meza ya kuandikia barua umekwisha kuharibu fani nyingi.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto aliyechelewa namba hupelekwa kumwagilia maua. Aliyepiga kelele hupalilia. Baada ya miaka saba ya kuadhibiwa kwa jembe, ni nani atakayeomba kusomea bustani?

Kwa wakuu wa utumishi liko jambo moja la kuanzia, nalo halihitaji jengo wala mkopo. Nafasi ya mtunza bustani anayestaafu ijazwe mwaka mmoja kabla hajaondoka, ili mrithi wake atembee naye mti kwa mti, masika na kiangazi, akiandika majina.