NANI ATAMLINDA ASIYE NA FEDHA?



Wako watu wenye elimu kubwa wafundishao kwamba nchi yaweza kukaa bila Serikali yo yote. Barabara, mahakama, polisi, hata jeshi la kupigana na adui wa nje, vyote wasema viuzwe sokoni kama mahindi na sukari. Kila mtu ailipe kampuni ya ulinzi aipendayo. Ikimlinda vibaya, aiache aende kwa nyingine. Fundisho hili si la jana. Gustave de Molinari wa Ubelgiji aliliandika mwaka 1849, na baadaye Wamarekani Murray Rothbard na David Friedman wakalieneza. Friedman mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1973, alikiri kwamba ulinzi wa taifa ndilo jambo gumu katika fundisho lao.

Hatuwacheki watu hawa. Hoja yao ya kwanza ni ya kweli: Serikali ndizo zilizofanya vita vikubwa, na mfanya kazi ndiye aliyevilipia. Sisi wa Kakamega hatuna haja ya kufundishwa jambo hilo. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wakati wilaya yetu ikiitwa North Kavirondo, vijana walichukuliwa kwa nguvu wawe wapagazi wa jeshi. Walibeba risasi na vyakula mpaka nchi ya Mjerumani iliyoitwa baadaye Tanganyika. Jina la jeshi lao limebaki Kariokor huko Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam. Hesabu ya Serikali yenyewe ilitaja vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, na wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, homa na chakula kibaya. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kamwe kwa wajane wao.

Kwa hiyo hatusemi kwamba Serikali ni malaika. Twauliza swali moja tu: je, soko lingetufanyia wema zaidi?

Hapa hatuna haja ya kubuni, maana nchi hii imekwisha kutawaliwa na kampuni. Mwezi wa Septemba 1888 Malkia Victoria aliipa hati Kampuni ya Imperial British East Africa, mkubwa wake William Mackinnon, tajiri wa meli. Kampuni hiyo ilikuwa na bendera yake, askari wake na bunduki zake, na ilitoza ushuru. Mwaka 1889 msafara wake, ukiongozwa na Frederick Jackson, ulifika Mumias kwa Nabongo Mumia. Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Lugard alifika Buganda kwa jina la Kampuni, na tarehe 24 Januari 1892 bunduki yake ya Maxim ililia pale Mengo, Waganda wakiuana kwa Waganda.

Kisha ikawaje? Kampuni ilifanya hesabu ikaona Uganda haina faida. Ikataka kuondoka. Marafiki wa misheni huko Uingereza walilazimika kuchanga fedha ili ikae muda kidogo zaidi. Tarehe 1 Aprili 1893 bendera ya Uingereza ilipandishwa Uganda mahali pa ile ya Kampuni, na mwaka 1895 nchi yetu nayo ilikabidhiwa. Kampuni ililipwa paundi 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika mali ya Sultani wa Unguja. Watu waliotawaliwa hawakuulizwa neno.

Watetezi wa soko watajibu kwamba kampuni ile ilikuwa na hati ya Malkia, kwa hiyo halikuwa soko huru. Ni kweli. Lakini hati haikuwa ndiyo iliyoifanya ihesabu faida. Kuhesabu faida ndiyo kazi ya kampuni yo yote. Kampuni hulinda mahali penye malipo. Malipo yakiisha, hufunga mizigo. Mwenye duka akifunga duka, mnunuzi huenda duka jingine. Mlinzi akifunga mizigo wakati adui yuko mtoni, mwenye boma aende wapi?

Tena tukumbuke kwamba askari wa kukodiwa naye ni mfanya kazi. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wa Sudani waliokuwa wameachwa karibu na Ziwa Albert, wakatumika kwa Kampuni, kisha wakarithiwa na Serikali. Walitumwa safari juu ya safari, wake na watoto wakiwa mbali. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wapagazi, ulichelewa, na mara nyingi walilipwa kwa kitambaa. Mwaka 1897 walikataa safari nyingine pale Eldama Ravine, wakageuza bunduki, wakaingia ngome ya Lubwa huko Busoga, na damu nyingi ikamwagika. Anayenunua ulinzi kwa bei rahisi ajue ananunua nini.

Sasa twende kwa majirani zetu Wabukusu, maana hao hawakuwa na mfalme wala kampuni. Kwa miaka mingi walijilinda wenyewe. Walijenga maboma ya kuta za udongo yenye handaki kuzunguka, yaitwayo chingoba, na kila boma lilikuwa na wazee wake. Basi mwenye kusema kwamba watu hawawezi kujilinda bila Serikali kubwa, na aende Webuye akatazame kilima cha Chetambe. Lakini atazame pia jinsi boma lilivyojengwa. Haikuwa biashara. Handaki halikuchimbwa kwa ajili ya aliyelipa peke yake, maana ukuta hauwezi kumlinda mtu mmoja ukamwacha jirani yake katika boma lilelile. Ilikuwa kazi ya wote, na asiyetaka kuchimba aliaibika mbele ya wenzake.

Na tujifunze pia jinsi walivyoshindwa. Mwaka 1895 C. W. Hobley alitoka Mumias na askari wa Sudani, Waganda, Wawanga na Wamasai. Boma la Lumboka lilianguka, kisha Chetambe. Wabukusu walipigana kwa ushujaa ambao adui mwenyewe aliukiri. Lakini jirani wa karibu alikuwa upande wa adui, na kuta za udongo hazikutosha mbele ya bunduki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ulinzi wataka watu wengi wenye shauri moja, na wataka uwe tayari kabla adui hajafika.

Memba wa chama yapasa kulielewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Chama kikipata nyongeza ya mshahara, nyongeza hiyo humfikia hata yule aliyekataa kulipa ada. Ndiyo sababu Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yaruhusu asiye memba akatwe fedha kidogo akifaidi mkataba uliotafutwa na chama. Ulinzi wa nchi ni vivyo hivyo. Jeshi likizuia adui mpakani, analindwa aliyelipa na asiyelipa. Kila mtu akiachiwa kulipa kama apendavyo, wajanja watangoja wengine walipe, na mwisho hakuna atakayelipa ila matajiri. Nao matajiri watalinda nini? Watalinda kiwanda, benki na shamba lao. Mama muuza mboga wa soko la Kakamega hayumo katika mkataba huo.

Hata siku hizi mambo ni yaleyale. Huko Goma, mashariki ya Kongo, Serikali ilikodi askari kutoka Romania. Taarifa za magazeti zilisema baadhi yao walilipwa kiasi cha dola 5,000 kwa mwezi, na askari Mkongo alikuwa akipata kama dola 100. Waasi wa M23 walipoingia mji mwisho wa Januari 2025, Waromania zaidi ya 280 walisalimu, wakavushwa Rwanda, wakapanda ndege kurudi kwao. Mwananchi wa Goma hakuwa na ndege. Hapa fundisho lapiga pande zote mbili: Serikali isiyolipa askari wake vizuri, ikakimbilia soko, imekwisha kuuza ulinzi wa watu wake.

Wala tusitazame mbali. Usiku wa leo katika mji wetu askari wa makampuni, hao tunaowaita soja, wamesimama katika malango ya maduka na shule. Huo ndio ulinzi wa sokoni, upo tayari, na bei yake twaijua. Soja akisimama saa 12 kila usiku kwa siku sita, ni saa 72 kwa wiki. Analinda mali ya mamilioni kwa rungu na tochi, kisha anarudi chumba ambacho hakilindwi na mtu. Bunge lilipitisha sheria ya ulinzi wa binafsi mwaka 2016, na mwanzoni mwa 2024 mamlaka ya kazi hiyo ilitangaza asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Wenye makampuni wengi walipinga, na shauri likafika mahakamani. Kampuni zikishindania wateja kwa kupunguza bei, bei hiyo hupunguzwa kutoka mfuko wa soja.

Basi sisi twasimama wapi? Hatusimami na soko lisilo na Serikali, wala hatusimami na Serikali isiyoulizwa. Katiba ya 2010 yasema majeshi ya ulinzi yako chini ya mamlaka ya raia, na kwamba yasitumwe kurudisha amani ndani ya nchi pasipo idhini ya Bunge. Mwezi wa Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana, tangazo la kutoa jeshi lilitoka tarehe 25, na Bunge likaidhinisha kesho yake. Idhini ya haraka namna hiyo ni mlango uliosukumwa tu. Mfanya kazi mwenye kulipa kodi ana haki ya kumwuliza Mbunge wake: uliidhinisha nini, na kwa sababu gani?

Twawaomba Memba mambo matatu. La kwanza, kila tawi limtafute soja aliye jirani, limweleze haki ya kujiunga na chama, maana mlinzi asiye na chama ni mpagazi wa Kariokor wa siku hizi. La pili, tumwulize Mbunge hesabu ya fedha za ulinzi kama tunavyoiuliza kamati yetu hesabu ya ada. La tatu, tulipe ada kwa wakati. Boma letu ni hili, na handaki lake halichimbwi na mtu wa kukodiwa.

Umoja ni nguvu.