Acheni kufuta South Kavirondo!

Waandika programu wenzangu, tuna ugonjwa. Tukiona data chafu mikono inatuwasha. Safari hii mmeingia kwenye mimea, na hapo sinyamazi.

Hebaria, kwa asiyejua, ni ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kila mmoja na kibandiko chake: nani kauchuma, lini, wapi. Ile ya Afrika Mashariki ilianzia Amani mwaka 1902, sasa iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na ina vielelezo zaidi ya milioni moja. Chukua Oxygonum sinuatum, gugu la ukoo mmoja na buckwheat, lenye majani machachu na mbegu za miiba. Waluo huliita awayo. Aliyetembea pekupeku shambani Migori au Homa Bay analijua kwa nyayo zake.

Haya, litafute katika rekodi za zamani kwa neno "Migori". Utakosa mengi. Enzi za ukoloni watu waliandika South Kavirondo, baadaye South Nyanza. Vitabu vya Flora of Tropical East Africa, vilivyotoka 1952 hadi 2012, vinakupa K5 tu, yaani Nyanza na sehemu kubwa ya magharibi. Serikali za kaunti zimeanza 2013.

Hapo ndipo "msafishaji" anapoingia na skripti yake. Nimetumiwa moja juzi: kila South Kavirondo inageuzwa Homa Bay, jina la zamani linafutwa. Kwa nini Homa Bay? Mbona si Migori? South Kavirondo ilikuwa na Kisii ndani yake pia! Huko si kusafisha, ni kubahatisha kisha kuchoma ushahidi.

Na latitudo je? Migori mjini ni -1.06, 34.47. Dondosha ile alama ya kutoa na awayo yako imepanda miteremko ya Mlima Elgon. Hiyo angalau itamshtua mtu. Lakini Homa Bay ni -0.53, 34.46, dondosha alama, unatua karibu na Bungoma. Bungoma ni Kenya, kwa hiyo programu inayokagua nchi tu inaipitisha ikichekelea.

Mtasema mtumiaji anataka kaunti. Mpeni! Darwin Core, kiwango cha data hizi tangu 2009, kina sehemu iitwayo verbatimLocality kwa ajili ya maneno ya kibandiko kama yalivyo, herufi kwa herufi. Kaunti ina sehemu yake. Kama kibandiko hakitoshi kuijua, iacheni tupu. Tupu ni jibu halali, jamani, hata kama linaharibu chati yako.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo akitaka kujua nini kiliota Awendo kabla ya miwa, hana pa kuuliza ila karatasi hizo. Shamba lenyewe limeshalimwa. Kielelezo kiko Nairobi au Kew, yeye anaona safu ya data tu, na safu hiyo ni sisi tumeiandika.

Aliyenitumia skripti: nimekurudishia bila ule mstari wa kufuta. Nimeongeza jaribio la alama ya kutoa. Usiendeshe ile ya kwanza.