Saratani Haingoji Barabara Ifunguliwe

Hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, watu huguna wakisikia saratani ya matiti inachunguzwa kwa panya. Mimi ni muuguzi, na nasema panya hao wametufundisha jambo ambalo wakubwa wetu wa afya lazima walisikie.

Kuna seli ziitwazo 4T1, zilizotokana na uvimbe uliojiotea wenyewe kwenye titi la panya wa maabara huko Marekani. Hutumika kuchunguza saratani kali isiyo na vipokezi vitatu: vya estrojeni, vya projesteroni na vya HER2. Dawa za kuzuia homoni haziiwezi, nayo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, wengi wangali vijana. Seli za binadamu zingekataliwa na mwili wa panya mzima. Hizi za panya mwenzake hupokelewa, ndipo mtafiti akaona pia jinsi kinga ya mwili inavyopambana nazo. Baada ya majuma machache zimeshafika mapafuni, kwenye ini, hata mifupani. Tena hazifi kwa dawa ya thioguanini. Mapafu yakisagwa na kuoteshwa ndani ya dawa hiyo, seli nyingine zote hufa, za saratani hubaki zikahesabiwa. Uvimbe wa kwanza ukikatwa kwa kuchelewa, zilizokwisha kutoka huendelea kukua huko huko.

Majuma machache! Nayalinganisha na safari zetu za kwenda hospitali.

Wifi yangu wa Quionga alikuwa akinyonyesha. "Wifi, si maziwa yameganda tu?" aliniuliza. Nilipogusa titi, donge lilikuwa gumu, halisogei. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Macomia iendayo Pemba, kwa hiyo akavuka Ruvuma hadi Mtwara, akaenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Alipofika, mapafu yalikuwa yameshaingiliwa.

Namshukuru kila mtafiti anayehangaika na panya. Lakini dawa atakayoigundua itamfaa nini mwanamke ambaye uvimbe wake haujapimwa vipokezi? Nataka kipimo hicho kipatikane Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, kwa kila mwenye uvimbe, na majibu yarudi kabla ya mwezi kwisha. Barabara ikifungwa, ndege zinatua Afungi, hapa wilayani kwetu, kwa ajili ya mradi wa gesi. Kichupa cha formalini, dawa ya kuhifadhi, chenye kipande cha uvimbe cha kupimwa ni kama kidole gumba. Serikali ya mkoa iketi na wenye ndege hizo, kipewe nafasi kila juma.