Utani wa 'const' na 'let': Kisanduku cha ME/KE kina kazi nzito kuliko unavyodhani

Kama una rafiki anayeandika programu za kompyuta, huenda ameshakutupia utani huu. Mzee wa zamani anaandika const jinsia. Kijana wa kisasa anaandika let jinsia. Mwanahisabati anaandika buliani. Mvivu haandiki kitu, anaiacha programu ijijazie yenyewe. Waandika kodi (ya kompyuta, si ya TRA) wanavunjika mbavu, sisi wengine tunabaki tunauliza kichekesho kiko wapi.

Kiko hapa. Ndani ya programu, taarifa hukaa kwenye chombo chenye jina, wenyewe wanakiita variabo, na kwa kawaida unakitangaza kabla ya kukitumia. Kwenye JavaScript, const ni kama gunia la mpunga lililoshonwa mdomo: ulichotia ndicho hicho. Let ni gunia lililofungwa kamba tu, unaweza kulifungua ukabadilisha. Buliani inakubali majibu mawili pekee, kweli au si kweli. Kwa hiyo kwa neno moja tu mtu ameshasema msimamo wake wote kuhusu mwanaume na mwanamke.

Utani mzuri. Ila naona unabishania kitu kidogo. Gunia limeshonwa au limefungwa kamba, sawa, lakini nani aliandika lebo? Na akikosea, unairekebisha vipi?

Twende Ifakara. Tangu Septemba 1996, Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya kwenye vijiji vya Kilombero na Ulanga. Mdadisi anapita tena na tena: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kahamia, nani mjamzito. Kila mtu ana namba yake, na pembeni ya namba kuna jinsi, ME au KE. Usidharau makaratasi hayo. Takwimu za bonde hili ndizo zilizoonyesha mwaka 2001 kwamba vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo.

Sasa programu za aina hii huwekewa vizuizi ili makosa yasipite. Kimoja kinajulikana: aliyeandikwa ME haandikiwi mimba. Ni kizuizi cha maana kabisa, mpaka kosa lenyewe liwe kwenye lebo.

Chukua mfano. Msimu wa mpunga familia nyingi za bondeni huhamia mashambani, mbali na nyumba ya kijijini. Mdadisi anafika, anamkuta jirani. "Huyu Furaha yuko wapi?" "Ameenda shamba, atarudi akimaliza kupalilia." Kiswahili chetu ndivyo kilivyo, unaweza kumsema mtu saa nzima na asijulikane ni wa kike au wa kiume. "Ameenda" ni yeyote. (Ndiyo maana programu za kutafsiri zikikutana na "yeye ni daktari" kwenda Kiingereza zinalazimika kubahatisha, na mara nyingi zimebahatisha mwanaume.) Mdadisi naye akibahatisha ME, basi. Miaka miwili baadaye Furaha ni mjamzito, na kioo kinakataa kumpokea. Mashine haina chuki naye. Inatii tu ilivyoambiwa.

Yalinikuta na mimi, kwenye fomu ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Niliandikwa ME. Kwa mwandika programu kurekebisha ni mstari mmoja, sekunde tano. Kwangu ilikuwa barua ya serikali ya mtaa, kiapo kwa wakili, na nauli mara tatu.

Kuna jambo jingine utani unalichanganya. Fomu zetu zinauliza jinsi, yaani mwili. Utani unasema jinsia, yaani majukumu ambayo jamii inampa mtu kwa sababu ya mwili huo. Anayepiga kelele za const mara nyingi anafikiria la kwanza, wa let anafikiria la pili, wanatukanana bure.

Na hilo la pili nalo lina kisanduku chake: mkuu wa kaya. Muulize mama nyumbani mkuu wa kaya ni nani, atakutajia mume, hata kama mume yuko Dar mwezi wa nane sasa na ada, michango na shamba vyote viko mikononi mwa huyo mama. Mdadisi anaandika alichoambiwa, hana kosa. Lakini siku orodha ya pembejeo au mkopo ikichukuliwa kutoka kwenye majina ya wakuu wa kaya, jina lake halimo.

Vipi kuhusu buliani? Jirani zetu Kenya walishakutana na ukuta huo. Mwaka 2009 mtoto alizaliwa Nairobi akiwa na jinsi tata, wengine husema huntha. Kwenye karatasi za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mahali pa jinsi, pakawekwa alama ya kuuliza. Mama akaenda Mahakama Kuu. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliitaka serikali ieleze ni chombo gani kinakusanya takwimu za watu hao. Sensa ya Kenya ya 2019 ikaja na kisanduku cha tatu, wakahesabiwa 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo ikawataja.

Kwetu, sensa ya Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi. Tulikuwa 61,741,120: wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Jumlisha mwenyewe, habaki hata mtu mmoja pembeni. Mtoto kama yule wa Nairobi, kama alizaliwa Mlimba au Malinyi, yumo humo, kwa lebo aliyochaguliwa.

Kitaalamu hakuna kinachozuia zaidi ya mawili. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5218 kina namba nne: 0 haijulikani, 1 mwanaume, 2 mwanamke, 9 haihusiki. Hiyo 0 peke yake ingemwokoa Furaha wetu. Mdadisi angeiweka siku ile, na ziara inayofuata angeuliza tena.

Sensa ijayo, kwa utaratibu wa kila miaka kumi, ni 2032. Kabla ya hapo kuna vijana watakaokaa mezani kuandika programu ya vishikwambi vyake, na baadhi yao leo ndio wanaotumiana huu utani.