Mikanda miwili, harusi moja: kwa nini maduka ya picha hayasafishi sawa

Mama mmoja, msikilizaji wa kipindi chetu cha asubuhi hapa Tanga, alifika kituoni akiwa na bahasha ya kaki na simu ya binti yake. Baada ya shikamoo na marahaba alimwaga vitu mezani, akauliza: "Mwanangu, kati ya hawa wawili nani kanidanganya?"

Kisa chake ni hiki. Katika mkoba wa kamera ya marehemu mumewe alikuta mikanda miwili ya rangi iliyopigwa tayari lakini haijawahi kusafishwa. Yote ni ya aina moja, na yote ilipigwa siku moja, kwenye harusi ya dada yake mwaka 1999. Kwa kuwa mjini hakupata pa kusafishia mkanda wa rangi, mmoja alimpa mpwa wake anayeishi Marekani, wa pili akampa binti yake anayesoma Uingereza. Mpwa aliupeleka duka la dawa la karibu, lile linalopokea na picha. Binti aliupeleka maabara ndogo isiyofanya kazi nyingine zaidi ya mikanda.

Picha za Uingereza zimefifia kidogo, ila watu ni watu: rangi za khanga zinaonekana, macho yanaonekana. Za Marekani zina ukijani wa maji ya mtaro. Kanzu zimekuwa nyeupe kama karatasi, na nyuso zilizo kivulini ni madoa meusi. Kwa bahati mbaya mama yake mzazi, aliyefariki miaka michache baada ya harusi hiyo, yumo kwenye mkanda wa Marekani peke yake. Amekaa chini ya mwembe, ushungi umemzunguka, na uso hauonekani.

Swali lake ni la familia, lakini jibu lake linagusa biashara nzima ambayo ghafla imerudi kuwa habari.

Mikanda imerudi, mafundi hawakurudi

Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, na wengi tuliamini mkanda umezikwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilirudisha sokoni mkanda wa Ektachrome iliokuwa imeuacha. Mwaka 2022 Leica ilianza tena kutengeneza kamera yake ya M6. Desemba 2023 Harman ya Uingereza, inayojulikana kwa mikanda ya Ilford ya nyeusi na nyeupe, ilitoa mkanda wake wa rangi uitwao Phoenix. Juni 2024 Pentax ikazindua kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17. Wanunuzi wengi ni vijana ambao hawakuwahi kuona kamera ya baba ikifungwa kwa kulia "krrr".

Kamera mpya zipo na mikanda mipya ipo. Kilichobaki nyuma ni sehemu ya katikati, yaani mahali pa kusafishia na kuskani. Skana mbili ambazo maabara nyingi duniani bado zinazitegemea, Noritsu HS-1800 na Fuji Frontier SP-3000, hazitengenezwi tena. Ikiharibika moja, fundi anatafuta nyingine iliyokufa ili achomoe vipuri, kama wanavyofanya wenye Land Rover za zamani. Wale wahudumu waliokaa miaka mbele ya mashine hizi wengi wao walishahamia kazi nyingine.

Dawa inachoka

Mkanda wa kawaida wa rangi husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, ambao Kodak iliuanzisha mwaka 1972 na ambao dunia nzima inaufuata. Kwenye karatasi hakuna nafasi ya tofauti. Dawa ya kwanza, inayoibua picha, inatakiwa iwe na joto la nyuzi 37.8 na mkanda ukae humo dakika 3 na sekunde 15. Joto likiyumba hata robo ya nyuzi, viwango vya kiwanda vinahesabu kuwa umekosea. Baada ya hapo kuna dawa ya kuondoa madini ya fedha, dawa ya kukaza, kuosha na kukausha.

Kama utaratibu ni mmoja, mbona matokeo si mamoja? Kwa sababu dawa ni kama mafuta ya kukaangia mihogo: kila unachotumbukiza kinayachosha. Mashine ya picha imetengenezwa iongeze dawa mpya kidogo kila mkanda unapopita. Duka linalosafisha mikanda mia kwa siku linakuwa na dawa mpya wakati wote bila hata kujitahidi. Duka linalopata mikanda mitatu kwa wiki lina tatizo la kinyume, kwani dawa inakaa, hewa inaila, maji yanapungua, na mashine haijui kwa sababu yenyewe inahesabu mikanda, haihesabu siku. Ndiyo maana duka lililokuwa zuri mwaka 2000 linaweza kuharibu picha leo likiwa na mashine ileile na fundi yuleyule. Kosa lake ni kukosa wateja.

Maabara makini hujipima. Kila asubuhi hupitisha kipande cha mkanda kilichopigwa mwanga kiwandani kwa kipimo maalumu, kisha husoma matokeo kwa chombo na kuandika kwenye chati. Mteja akiuliza, "Mnapima dawa zenu lini?", jibu la haraka na la uhakika ni dalili njema. Mhudumu akitazama dari, mteja achukue mkanda wake aondoke.

Si makosa yote yanayolingana. Dawa ya kwanza ikiwa dhaifu, kilichopotea hakirudi. Lakini ile ya kuondoa fedha ikichoka, fedha inabaki ndani ya mkanda na picha inakuwa nzito na chafu. Kosa hilo linatibika hata baadaye, kwa kuurudisha mkanda kwenye dawa nzuri. Linatibika, mradi mkanda unao wewe.

Aliyeamua rangi ni nani?

Niseme wazi kwamba kwa picha za mama yule sidhani dawa ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Mkanda uliokaa zaidi ya miaka 20 kwenye joto la pwani hufifia na kupata ukungu popote utakaposafishwa, na mikanda yake yote miwili ina ukungu huo. Nadhani tofauti kubwa ilitokea kwenye skana.

Negativu ya rangi si picha. Ni rangi zilizogeuzwa, na juu yake kuna tabaka la rangi ya chungwa ambalo lazima liondolewe kwa hesabu. Lazima mtu au programu iamue kipi kiwe cheupe, kipi kiwe cheusi, na ngozi iwe na rangi gani. Kwa hiyo jibu la "nani kanidanganya" ni kwamba hakuna aliyedanganya, ila wote wawili walikisia. Mmoja alikisia akiwa anatazama. Mwingine aliiachia mashine.

Mashine ikiachiwa hufanya wastani. Inaona kanzu nyeupe, jua la saa tisa na kivuli cha mwembe, inagawanya katikati na kuendelea na picha inayofuata. Penye mkanda mpya na watu waliosimama juani, wastani huo unatosha. Penye ukungu wa miaka 20 na ngozi nyeusi kivulini, unafuta uso.

Na wastani huo una historia. Kwa miongo kadhaa maabara za Marekani na kwingineko zilipanga rangi za mashine kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kama Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Uso wa Shirley ukitoka vizuri, mashine imepangika. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika kwa kirefu mwaka 2009 jinsi kadi hizo zilivyofanya ngozi nyeupe kuwa kipimo cha kila mtu, na jinsi kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilivyochelewa kuja. Mikanda ya leo inaziona ngozi zetu vizuri zaidi kuliko ile ya wakati huo. Lakini fundi ambaye hajawahi kusahihisha picha ya harusi yenye watu weusi mia mbili bado ataangalia kanzu kwanza.

Kuna pia suala la ukubwa. Skani ya bei ya chini ya dukani mara nyingi huwa na pikseli kama 1,500 kwa 1,000, inayotosha kwa simu na picha ndogo ya fremu. Mashine ileile ya Noritsu ikiachiwa ifanye kazi kwa nguvu yake yote hutoa karibu pikseli milioni 30 kutoka fremu hiyohiyo ya milimita 24 kwa 36. Duka linapochagua faili dogo la JPEG linaokoa dakika, na ushindani wa bei unalipiwa na dakika hizo. Fundi wetu wa mitambo alijaribu kuuangaza uso wa bibi kwenye kompyuta. Kilichotokea ni miraba ya kijivu, kwa kuwa ndani ya faili hakuna kitu kilichofichwa. Kilishatupwa siku ya kuskani.

Negativu iko wapi?

Nilimwambia mama suluhisho ni rahisi: mpwa aurudishe mkanda uskaniwe upya na mtu anayetazama. Mpwa akajibu kwa ujumbe wa sauti kwamba duka halikumpa mkanda. Lilimpa kiungo cha kupakua picha, basi.

Hili si jambo la duka hilo moja. Zamani maduka ya dawa ya Marekani yalikuwa na mashine pale pale ndani, picha tayari kwa saa moja. Biashara ilipopungua minyororo kadhaa mikubwa iling'oa mashine na kuanza kukusanya mikanda ili isafishwe na kampuni nyingine mbali, na kwa utaratibu huo mteja hupata picha, negativu hazirudi. Masharti hayo yameandikwa. Ila yameandikwa mahali ambapo mtu aliyekuja kununua panadol hatayasoma.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Duka kuwa na skana mbovu ninaweza kulivumilia, kwa kuwa skani mbaya leo inaweza kurudiwa kesho na mtu mwingine. Duka linaloharibu au kubakiza negativu limeondoa kesho yenyewe, na hilo lilipaswa kusemwa kwa mdomo, kaunta, kabla ya pesa kutoka. Nasi tuna la kujilaumu. Wengi tuliolelewa na albamu tunakumbuka bahasha za studio zenye kimfuko cha negativu pembeni. Picha tukazibandika, kimfuko tukawapa watoto wachezee.

Kwa walio na negativu za nyeusi na nyeupe kabatini, jihadharini na jambo moja la ziada. Skana nyingi zina kifaa kinachofuta vumbi na mikwaruzo kwa kutumia mwanga usioonekana. Kwenye mkanda wa rangi kinafanya kazi nzuri. Kwenye mkanda wa kawaida wa nyeusi na nyeupe fedha iliyomo inauzuia mwanga huo, na mashine inaanza kufuta picha ikidhani ni vumbi. Mwambieni fundi akizime.

Mama alipokuwa anafunga bahasha alitoa jambo ambalo hakuwa amelisema. Kamera yenyewe bado ina mkanda wa tatu ndani, na kidirisha kinaonyesha namba 19. Hajui kilichomo.

Tulimshauri ahakikishe mkanda umerudishwa ndani ya kopo lake kabla mtu yeyote hajafungua mlango wa kamera. Pia asiuweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, na atakayeubeba aombe ukaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za ukaguzi viwanjani zina mionzi mikali na Kodak yenyewe imeonya kuhusu madhara yake kwa mikanda isiyosafishwa. Kuhusu pa kuupeleka, ameamua utaenda kwa binti. Hata hivyo bado uko kwenye friji, ndani ya kopo la plastiki lililofungwa vizuri, jirani na nazi iliyokunwa. Anasema hautoki mpaka maabara imjibu binti kwa maandishi maswali mawili: nani atakaa mbele ya skana, na negativu zitarudi lini.